Kepler: Mwanafalaki aliyeiacha kazi kumtetea mamake

MTAALAMU aliyewafunza walimwengu jinsi dunia inavyolizunguka jua alikuwa na macho mabovu. Johannes Kepler alizaliwa Desemba 27, 1571, mjini Weil der Stadt, katika Ujerumani ya sasa, na ndui ikamharibu macho angali mtoto. Hata hivyo, mamake Katharina ndiye aliyempeleka mahali pa juu mwaka wa 1577 aione nyota yenye mkia iliyokuwa gumzo Ulaya nzima.

Alisomea Chuo Kikuu cha Tübingen akinuia kuwa mhubiri, ila akaishia kufunza hisabati mjini Graz. Mwaka wa 1600 alifukuzwa huko kwa kukataa kuuacha Ulutheri, akahamia Prague kumsaidia Tycho Brahe, aliyemiliki kumbukumbu bora zaidi za mienendo ya sayari na kuzibania kama mchoyo. Brahe alifariki mwaka wa 1601. Kepler alirithi wadhifa wake na, baada ya mvutano na jamaa za marehemu, akazitumia kumbukumbu hizo.

Tangu enzi za Wayunani ilisadikika kwamba sayari hupita kwenye miduara kamili. Kepler alipoikokotoa njia ya Mirihi kwa miduara, hesabu yake iliachana na vipimo vya Brahe kwa dakika 8 za pembe, yaani takriban robo ya upana wa mwezi mpevu. Wengi wangalifumba macho. Yeye aliitupa kazi ya miaka kadhaa, akaanza upya, na katika kitabu chake cha 1609 akaonyesha kuwa njia hiyo ni duaradufu, jua likiwa kando ya kitovu. Ndiyo maana dunia huwa kilomita milioni 147 hivi kutoka kwa jua mapema Januari, na milioni 152 mapema Julai, nayo huenda kasi zaidi inapolikaribia. (Umbali huo sio uletao majira, Januari hiyohiyo Ulaya hutetemeka kwa baridi.)

Humo pia alidai kuwa mwezi ndio uvutao maji ya bahari. Wavuvi wa pwani yetu, wanaohesabu bamvua na maji mafu kwa siku za mwezi, hawangeshangaa. Galileo Galilei alilibeza wazo hilo mwaka wa 1632, na katika hili mkubwa huyo aliteleza. Ilibidi Isaac Newton aje kueleza mwaka wa 1687 jinsi mwezi, ukisaidiwa na jua, unavyoyavuta maji hayo.

Mwaka wa 1615 Katharina alituhumiwa uchawi. Alikamatwa 1620, ajuza wa zaidi ya miaka 70, akafungwa minyororo na kuonyeshwa vyombo vya mateso ili aungame. Hakuungama. Mwanawe alitoka Linz, akaacha shughuli zake, akajibu mashtaka hoja kwa hoja, akionyesha kwamba maradhi aliyolaumiwa mama huyo yalikuwa na visababishi vya kawaida. Aliachiliwa 1621 baada ya miezi 14, akafariki mwaka uliofuata.

Kepler mwenyewe aliaga Novemba 15, 1630, mjini Regensburg, alikokwenda kufuatilia pesa alizodai. Kaburi lake liliharibiwa vitani. Novemba 7, 1631, Pierre Gassendi, akiwa Paris, aliiona sayari ya Zebaki ikikatiza mbele ya jua, siku ileile ambayo marehemu alikuwa ameitabiri.