Kivoi wa Kitui na Furaha Zake

Mtu hufurahi mara nyingi katika umri wake, wala hafurahishwi na jambo moja. Mtoto hufurahi kwa kushiba, kijana kwa nguvu zake, na mtu mzima kwa mali na heshima. Mfano tunao karibu, kwa mtu aliyejulikana na wafanyabiashara wa Mombasa zamani zile.

Kivoi alikuwa Mkamba wa Kitui. Wahenga wa watu hao walitoka Mbooni, katika Makueni ya leo, wakauvuka mto Athi kwenda mashariki. Nchi ile ni ya ukame. Mvua ikikosekana, mifugo hufa na furaha ya mfugaji hufa nayo. Basi Wakamba wakashika biashara, na Kivoi akawa miongoni mwa wakubwa wake. Katika miaka ya 1840, msafara mmoja wa Wakamba uliweza kushuka pwani na watu 300 au 400, wamechukua pembe za ndovu, na kurudi na nguo na shanga.

Novemba 1849, mgeni Mjerumani, Ludwig Krapf, alifika kwa Kivoi. Alipokewa vyema, akapewa habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Disemba akauona kwa macho yake. Kwa mwenyeji, hayo yalikuwa mazungumzo tu. Hesabu yake ilikuwa katika pembe.

Agosti 1851, wawili hao walisafiri pamoja kuuendea mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia. Watu wengi wa msafara wakakimbia, kila mtu na roho yake. Kivoi akauawa pamoja na wachache waliokuwa karibu naye. Krapf aliponyoka, akatangatanga kwa kiu, na jamaa za marehemu wakamlaumu kwa kutokufa na rafiki yake.

Natutazame. Pembe zile zilikwenda ng'ambo, wala hapana azijuaye leo. Lakini habari aliyompa mgeni wake imebakia, na nchi nzima yaitwa kwa jina la mlima ule.

Furaha ya kila umri hupita, nasi hatujui ni tendo letu lipi litakalobakia. Basi mwenye mali na ajiulize angali nayo: siku watu watakapokimbia, ni nani atakayesimama naye, na kwa wema gani?