Habari za Hans Meyer, Aliyepanda Kilimanjaro

Mtoto aliyezaliwa Masasi huzoea kuona vilima vya mawe tangu utoto wake. Mtandi na Mkomaindo husimama peke yao juu ya nchi tambarare, na mtu huvitambua kutoka mbali. Naye mtoto wa Newala hukaa juu ya uwanda wa Makonde, futi 2,000 na zaidi juu ya bahari. Akisimama ukingoni huona bonde la mto Ruvuma chini yake, na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Lakini kaskazini ya Tanzania uko mlima mkubwa mno. Kama uwanda wa Newala ungewekwa mmoja juu ya mwingine mara saba, hata hivyo usingefika kimo chake. Mlima huo ni Kilimanjaro, wenye futi 19,340, nao ni mrefu kupita milima yote ya Afrika. Vilele vyake vikubwa ni Kibo na Mawenzi, na juu ya Kibo mna barafu, ijapokuwa mlima u karibu na ikweta. Mtu wa kwanza ajulikanaye kwa hakika kuwa alifika juu kabisa ya Kibo ni Hans Meyer.

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858, katika mji wa Hildburghausen, nchi ya Ujerumani. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha nyumba kubwa ya kupiga chapa vitabu, na baba yake akaiendesha baadaye, akaihamishia katika mji wa Leipzig. Hans alisoma katika vyuo vikuu, kisha akasafiri mbali, hata Bara Hindi na visiwa vya Ufilipino. Aliporudi aliingia katika kazi ya baba yake. Mali alikuwa nayo, na kama angalitaka, angalikaa raha mustarehe maisha yake yote. Lakini moyo wake ulikuwa katika elimu ya nchi na milima, na katika ramani za Afrika za siku zile palikuwa na mahali pengi peupe pasipoandikwa kitu.

Habari za mlima wenye theluji zilikuwa zimefika Ulaya kabla hajazaliwa. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka pwani akaenda Uchagani, akaona weupe juu ya mlima, akatambua ya kuwa ni theluji. Aliandika habari zake, lakini wataalamu wengine wa Ulaya hawakusadiki. Walidhani ya kuwa theluji haiwezi kukaa katika nchi ya jua kali. Mwaka 1871 mmisionari mwingine, Charles New, akapanda hata akaigusa theluji yenyewe kwa mkono wake. Basi neno likathibitika. Lakini kilele kilikuwa bado hakijafikiwa.

Meyer alikwenda mara ya kwanza mwaka 1887. Akafika Marangu, na Mangi Mareale, aliyetawala huko, akampokea vema. Meyer akapanda, akapita misitu, akapita majani, akaingia katika nchi ya mawe matupu na baridi, hata akafika kwenye barafu ya Kibo. Hapo akazuiliwa. Mbele yake palikuwa na theluji nyingi na barafu ngumu, naye hakuwa na vyombo vya kukata njia. Ikambidi ageuke, akashuka.

Mwaka 1888 akarudi, pamoja na Oscar Baumann, mtaalamu wa nchi ya Austria. Safari hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, nao walikusudia kufika mbali kupita Kilimanjaro. Lakini walikuja wakati mbaya. Mwezi wa Aprili mwaka ule Seyyid Khalifa, Sultani wa Unguja, alitia mkono mkataba wa kuwapa kampuni ya Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, kazi ya kutawala pwani. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti kampuni ilipotweka bendera yake Pangani, watu walikasirika, na vita vikaanza. Kiongozi wao alikuwa Abushiri bin Salim.

Meyer na Baumann walikuwa Usambara. Wapagazi wao wakatoroka, na mizigo ikabaki bila wa kuichukua. Wakageuka kurudi pwani kwa njia ya Pangani, lakini njiani wakakamatwa na watu wa Abushiri. Wakanyang'anywa vitu vyao, wakafungwa minyororo. Mtu aliyetoka nyumbani kwake tajiri na mwenye afya akalala chini amefungwa kama mnyama, asijue kama ataiona kesho. Mwisho Abushiri akakubali kuwaachilia kwa fidia ya rupia 10,000. Fedha zikalipwa, nao wakafika Unguja salama, lakini safari ilikuwa imekufa, na mali yote iliyotumika imepotea.

Mtu mwingine angalisema moyoni mwake ya kuwa imetosha. Meyer alikaa akafikiri juu ya mambo yaliyomshinda. Mara ya kwanza alishindwa kwa sababu hakuwa na vyombo, wala mwenzi aliyezoea barafu. Tena alijifunza ya kuwa mlima mrefu haupandwi kwa siku moja. Mtu lazima akae juu siku nyingi, ajaribu, ashindwe, apumzike, ajaribu tena. Na hawezi kukaa juu ila chakula kimfuate. Basi akamtafuta Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika mji wa Salzburg, aliyekuwa amepanda milima mingi ya barafu huko Ulaya. Wakachukua kamba, mashoka ya barafu, miwani myeusi ya kukinga macho na mwanga wa theluji, na mavazi mazito.

Mwaka 1889 vita vilikuwa havijaisha Pangani, kwa hiyo wakashika njia ya Mombasa na Taveta. Mwezi wa Septemba wakafika Marangu, na Mareale akawapokea tena. Wapagazi wengi wakabaki chini, na wachache wakapanda pamoja nao. Wakapiga kambi moja mpakani mwa msitu, na nyingine juu, katika uwanda wa mawe ulio kati ya Kibo na Mawenzi, kadiri ya futi 14,000. Kila baada ya siku chache wapagazi walipanda na chakula na kuni kutoka kambi ya chini, kisha wakashuka tena.

Wazee wa Newala waweza kuelewa kazi hiyo vema. Zamani uwanda wa Makonde haukuwa na maji juu, kwa kuwa mvua huzama mara moja katika mchanga. Wanawake walishuka mteremko mkali mpaka kwenye chemchemi za chini, wakapanda tena na mitungi vichwani. Mji mzima uliishi juu kwa sababu ya miguu ya watu waliokwenda chini. Ndivyo ilivyokuwa kambi ya Meyer.

Katika kambi ya juu alikaa mtu mmoja pamoja na hao Wazungu wawili, jina lake Mwini Amani, naye alikuwa mtu wa Pangani. Katika nchi ya Pangani Meyer alifungwa minyororo mwaka uliotangulia, na mtu wa Pangani ndiye aliyemlindia hema na kumpikia chakula. Usiku maji yaliganda, na upepo ulikuwa mkali. Mwini Amani alikuwa mtu wa pwani, hakuzaliwa katika baridi kama hiyo; lakini hakuondoka.

Tarehe 3 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller wakatoka usiku na taa, wakapanda kwenye mawe hata wakafika penye barafu. Barafu ilikuwa imeinuka kama ukuta, ngumu kama kioo. Wakajifunga kamba moja, ili mmoja akiteleza mwenziwe amzuie. Purtscheller akatangulia akikata vidato kwa shoka, na kila kidato kilitaka mapigo mengi. Hewa ya juu ni nyembamba, na kila baada ya hatua chache walisimama kutafuta pumzi. Alasiri wakafika ukingoni. Mbele yao wakaona shimo kubwa sana la volkano iliyolala, na ndani yake barafu. Hakuna aliyekuwa ameleta habari za shimo lile kabla yao. Lakini kilele chenyewe kilikuwa upande mwingine wa ukingo, mwendo wa zaidi ya saa moja, na jua lilikuwa likishuka. Kama wangeendelea, usiku ungewakuta juu, nao wangekufa kwa baridi.

Hapo palikuwa mahali pa hatari kuliko minyororo ya Pangani. Kilele kilikuwa mbele ya macho ya Meyer, baada ya miaka miwili ya taabu. Mtu akitawaliwa na tamaa huenda mbele katika saa kama hiyo, na mara nyingi harudi. Meyer na Purtscheller wakageuka, wakashuka polepole, wakafika hemani wamechoka sana.

Wakapumzika siku moja. Tarehe 5 wakahama, wakaenda kulala juu zaidi, katika pango la mawe, ili safari ya asubuhi iwe fupi. Tarehe 6 Oktoba wakatoka kabla ya mapambazuko. Walipofika kwenye barafu waliviona vidato vya juzi bado vipo, navyo vikawapunguzia kazi. Taabu ya siku waliyoshindwa ndiyo iliyokuwa ngazi yao siku ya kushinda. Mapema asubuhi wakafika ukingoni, wakaufuata upande wa kushoto, na kadiri ya saa nne na nusu ya asubuhi wakasimama mahali ambapo hapakuwa na pengine pa juu zaidi katika Afrika nzima. Siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka arobaini tangu kuzaliwa kwake. Meyer akasimamisha bendera ya Ujerumani, akakiita kilele kile kwa jina la Kaisari Wilhelm, akachukua jiwe, ambalo baadaye alimpa Kaisari, likatiwa katika ukuta wa jumba lake huko Potsdam. Baada ya hayo walijaribu kupanda Mawenzi, lakini mawe yake ni makali na yenye kuvunjika, wakashindwa. Mawenzi haikupandwa mpaka mwaka 1912.

Meyer alirudi Ulaya akaandika kitabu cha safari yake, na jina lake likajulikana kila mahali. Tarehe 15 Desemba mwaka ule ule wa 1889, Abushiri alinyongwa na Wadachi huko Pangani, na pwani yote ikawa chini yao. Meyer mwenyewe aliona vema nchi yake itawale nchi za Afrika, akaandika mengi ya kuunga mkono jambo hilo. Jina lake likaandikwa katika ramani na vitabu. Majina mengi ya wapagazi waliochukua chakula chake hayakuandikwa. Watu wa Marangu wamelishika jina la Yohani Kinyala Lauwo, aliyeongoza watu mlimani miaka mingi, nao humhesabu kuwa alikuwa pamoja na Meyer. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1898 Meyer alipanda Kibo tena, akaona ya kuwa barafu imepungua tangu alipoiona kwanza. Akapima, akaandika. Mwaka 1903 alikwenda Ecuador, Amerika ya Kusini, kutazama barafu ya milima ya huko, na mwaka 1911 akasafiri katika nchi za Burundi na Rwanda. Mwaka 1915 alifanywa mwalimu mkuu wa jiografia katika chuo kikuu cha Leipzig.

Lakini wakati huo vita vikuu vilikuwa vimekwisha anza, na mlima wake ulikuwa katikati ya vita. Mwezi wa Agosti 1914 Wadachi walitoka upande wa Moshi wakaiteka Taveta. Mwezi wa Machi 1916 Waingereza, wakiongozwa na Jenerali Smuts, walipigana nao katika vilima vya Latema na Reata, wakaingia Moshi. Kutoka hapo vita vikasukumwa kusini, mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa Oktoba 1917 vilifika Mahiwa, karibu na Nyangao, ambako watu walikufa wengi sana kwa siku nne. Mwezi wa Novemba majeshi yakapita nchi ya Masasi na uwanda wa Newala, na tarehe 25 mabaki ya jeshi la Wadachi yakavuka Ruvuma. Hivyo vita vilivyoonekana chini ya theluji ya Kibo viliondoka katika nchi hii kwa mlango wa Newala. Na katika vita hivyo pia wapagazi ndio waliochukua mzigo. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, na wengi hawana kaburi lijulikanalo.

Hans Meyer alikufa Leipzig tarehe 5 Julai 1929, mwenye umri wa miaka 71. Bendera aliyoisimamisha haikudumu, wala jina alilokipa kilele. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika mahali pale, na kilele kikaitwa Uhuru. Barafu nayo imeendelea kupungua kama Meyer alivyoona. Tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nane katika kumi zimekwisha yeyuka. Wale waipimao leo hutazama maandishi yake ili wajue ilifika wapi zamani. Kazi hiyo ya kutazama kwa makini na kuandika kweli imebaki na faida.