MSIRI NA HESABU YA BARUTI
Mwata Kazembe, ambaye ikulu yake leo iko Mwansabombwe karibu na Ziwa Mweru, zamani alipokea ushuru wa shaba kutoka Katanga. Aliyeukatiza ushuru huo ni Msiri, yaani Ngelengwa, Msumbwa wa Unyamwezi, mwana wa Kalasa mchuuzi wa shaba. Alihamia Katanga katika miaka ya 1850, akajenga makao Bunkeya.

Shaba, chumvi, pembe na, kwa masikitiko, watumwa, walipelekwa pwani ya mashariki na Angola. Bunduki na baruti zilirudi baada ya safari ya miezi. Hapo ndipo penye udhaifu: Msiri alitawala kwa baruti, lakini baruti yenyewe ilitengenezwa na wageni.

Mwaka 1891 Wasanga walikuwa wameasi. Tarehe 14 Desemba msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, uliwasili Bunkeya. Tarehe 20 Kapteni Bodson alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akajeruhiwa vibaya, akafa baadaye.

Nasi askari tukumbuke: mtunza ghala hahesabu kilichomo tu, bali pia siku ambazo kijacho kitakaa njiani. Akiba haiozi.