PIERRE CURIE, MTU WA SUMAKU NA MOTO



Mara hii tunapenda kuwaelezea maisha ya Pierre Curie. Wengi tunajua jina lake juu ya radiumu tu. Lakini mbele ya radiumu alifanya kazi ingine, na ile kazi inatuhusu sisi watu wa inchi ya kobalti.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 15 Mei 1859. Baba yake alikuwa munganga. Mtoto alifikiri polepole, hakuweza kuruka toka somo moja mpaka lingine. Basi wazazi hawakumtuma masomoni, alifundishwa nyumbani. Kumbe, kwa miaka 18, sawa wengi wa kalasi yetu ya sita, alikwisha kupata lisansi ya sayansi! Lakini feza ilikosa ya kuendelea, akaingia kazi ya kusaidia katika laboratwari.

Toka 1882 alisimamia laboratwari ya shule moja ya fizikia na kemia pale Paris. Kwa uchunguzi wake mwenyewe hakupewa chumba. Alifanyia kazi katika njia nyembamba karibu na ngazi. Ni pale alipochoma chuma na kupima nguvu ya sumaku kila moto ulipozidi. Aliona nguvu ile inapungua, na kufika digrii 770 hivi inakwisha. Chuma ikipoa, inavutwa tena na sumaku. Kwa kazi hiyo alipata udaktari mwaka 1895, akiwa na miaka 35. Mwaka ule ule alimuoa Marie.

Wataalamu waliokuja nyuma walieleza sababu: kila atomu ya chuma ni sawa sumaku ndogo. Zikitazama upande mmoja, zinavuta pamoja. Moto ukizidi, zinatawanyika. Kobalti inavumilia mpaka digrii 1120 hivi. Na ukichanganya chuma na kobalti nusu kwa nusu, kuna mpango wa pili: chini ya digrii 730 hivi, kila atomu ya chuma inazungukwa na nane za kobalti. Ukipita pale, atomu zinachanganyika ovyo, lakini sumaku ingali inavuta mpaka moto upite digrii 900.

Mwaka 1903 Curie, Marie na Becquerel walipata zawadi ya Nobel. Serikali ilipotaka kumpa nishani, alikataa. Alihitaji laboratwari, si nishani. Tarehe 19 Aprili 1906 gari la farasi lilimponda njiani, akafa.

Wandugu, kobalti inatoka katika udongo wetu wa Katanga, na mchanganyiko ule unatengeneza mashini za nguvu huko ngambo. Tutachimba tu bila kujua? Mwenye kufikiri polepole asione haya. Huyu alifika akiwa na miaka 35, katika njia ya ngazi. Tusome!