Simon Biesheuvel: Aliyewapima vijana wa Wenela

VIJANA wengi walioondoka Rungwe katika miaka ya 1950 kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini hawakupata kulisikia jina la Simon Biesheuvel. Hata hivyo, vipimo vilivyobuniwa katika taasisi aliyoiongoza mwanasaikolojia huyo ndivyo vilivyotumika katika migodi mingi kuamua ni nani kati ya wageni angeshika sururu, nani angewekwa kwenye mitambo na nani angefaa kuwa nyapara.

Leo ni zaidi ya miongo mitatu tangu mtaalamu huyo afariki dunia mwaka 1991. Lakini jambo alilolishughulikia maisha yake yote halijafa. Kijana wa Ikuti anayekwenda mjini kuomba kazi ya kupanga bidhaa au ya ukeshia katika supamaketi anaweza kukuta dodoso lisilomuuliza lolote kuhusu bei wala hesabu za chenji. Linamuuliza kama hukasirika upesi, kama hupenda kukaa na watu, au kama anaamini kuwa kila sheria lazima ifuatwe. Kutokana na majibu yake, mtu asiyemjua anaamua kama ana haiba inayofaa kwa kazi hiyo.

Je, tabia ya mtu inaweza kupimwa na mgeni kwa muda mfupi namna hiyo? Maisha ya Biesheuvel yanatoa jibu lenye pande mbili, na pande zote mbili zinawahusu Watanzania.

Biesheuvel alizaliwa mwaka 1908 huko Rotterdam, Uholanzi, na akahamia Afrika Kusini angali mdogo. Alisoma nchini humo, kisha akaenda Edinburgh, Scotland, alikojipatia shahada ya udaktari. Aliporejea Afrika Kusini alifundisha saikolojia katika vyuo vikuu vya nchi hiyo, ukiwamo Witwatersrand cha Johannesburg.

Wakati huo sayansi ya kuwapima watu ilikuwa bado changa, lakini ilikuwa na nguvu kubwa. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoikuza. Marekani ilipoingia katika vita hivyo mwaka 1917, mwanasaikolojia Robert Woodworth wa Chuo Kikuu cha Columbia alitakiwa kutafuta njia ya kuwabaini askari ambao akili zao zisingestahimili mapigano. Akatunga dodoso la maswali zaidi ya 100 ya kujibiwa ndiyo au hapana. Vita vilikwisha kabla dodoso hilo halijatumika sana, lakini limebaki katika historia kuwa mzazi wa madodoso ya tabia ambayo waajiri walianza kuyatumia baadaye.

Nchini Afrika Kusini vipimo vilipewa kazi nyingine. Mwaka 1939 mtafiti wa serikali, M. L. Fick, alichapisha kitabu kuhusu uwezo wa Waafrika kuelimika. Kwa kulinganisha alama za watoto wa Kiafrika na za watoto wa Kizungu, alihitimisha kuwa Mwafrika ana upungufu wa akili wa kuzaliwa. Kwa watawala waliokuwa wakitafuta sababu ya kuwanyima Waafrika shule na kazi za ujuzi, hitimisho hilo lilikuwa zawadi.

Biesheuvel ndiye aliyelipinga kwa hoja za kitaalamu. Katika kitabu chake kiitwacho African Intelligence, kilichochapishwa mwaka 1943, alieleza kwamba alama za mtihani hazitokani na akili peke yake. Zinatokana pia na chakula alichokula mtoto, nyumba aliyokulia, shule aliyosoma, lugha aliyoulizwa na kuzoea kwake, au kutozoea, vitu anavyowekewa mbele yake. Mtoto asiyepata kushika penseli hawezi kulinganishwa na mtoto aliyezaliwa katikati ya vitabu na vifaa vya kuchezea.

Hakusema kwamba amethibitisha usawa wa akili baina ya watu wa rangi mbalimbali. Alichosema ni kwamba mradi mazingira yao yanatofautiana kiasi hicho, vipimo vilivyokuwapo havikuwa na uwezo wa kulijibu swali hilo. Katika Afrika Kusini ya mwaka 1943, hata hoja hiyo ya tahadhari ilikuwa nzito.

Katika miaka hiyohiyo ya Vita Kuu ya Pili, Biesheuvel aliongoza kitengo cha vipimo vya uwezo katika Jeshi la Anga la Afrika Kusini, akiwachagua vijana waliofaa kufunzwa urubani na kazi nyingine za ndege. Uzoefu huo ulimfungulia mlango. Mwaka 1946 ilianzishwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Wafanyakazi mjini Johannesburg, naye akawa mkurugenzi wake, wadhifa alioushikilia hadi mwaka 1962.

Mteja mkubwa wa taasisi hiyo alikuwa sekta ya dhahabu. Na hapo ndipo historia yake inapokutana na ya Rungwe.

Wilaya ya Rungwe ya wakati huo, iliyojumuisha pia Kyela na Ileje za leo, ilikuwa nchi ya migomba, mvua nyingi na watu wengi. Ardhi ilikuwa imeanza kubana, na vijana walitafuta fedha mbali na nyumbani. Wapo waliokwenda katika machimbo ya Lupa, Chunya, wapo waliokwenda katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wapo waliofika hadi Johannesburg. Uhamaji huo ulikuwa mkubwa kiasi cha kumfanya mtaalamu wa elimu ya jamii, P. H. Gulliver, aufanyie utafiti maalumu uliochapishwa mwaka 1957.

Waliokwenda Johannesburg walipitia mikononi mwa shirika la kuandikisha vibarua la wenye migodi, lililoanzishwa mwaka 1900, ambalo watu wa nyanda za juu kusini walilifahamu kwa jina la Wenela. Kufikia mwaka 1960, Watanganyika waliokuwa katika migodi ya Afrika Kusini walikuwa takriban 14,000.

Mgodini walikutana na watu kutoka Msumbiji, Nyasaland, Basutoland na kwingineko, kila kundi na lugha yake. Wengi hawakuwa wamepata kusoma. Dodoso la kuandika, la aina ya Woodworth, halikuwa na maana yoyote kwa watu kama hao. Biesheuvel na wenzake wakabuni mfululizo wa majaribio ya vitendo yasiyohitaji kusoma wala kuandika.

Maelekezo yalitolewa kwa filamu bubu. Vijana waliketi kwa makundi, wakatazama katika pazia mtu akifanya kazi fulani, kisha nao wakaifanya. Walitenganisha vitu kwa maumbo na aina zake, wakafunga nati na bolti, wakapanga vipande vya mbao na kuunganisha vifaa kwa kufuata mfano. Kasi na usahihi wao vikahesabiwa, na kwa alama hizo wakagawanywa katika mafungu ya kazi.

Kwa upande wa unyapara, wepesi wa mikono haukutosha. Ilibidi ijulikane nani ana tabia ya uongozi. Taasisi ikatumia mbinu iliyotoka jeshini: kundi la watu lilipewa kazi ngumu ya pamoja bila kuteuliwa kiongozi, huku wapimaji wakitazama ni nani atakayetoa wazo, nani atafuatwa na wenzake na nani atanyamaza. Huo ulikuwa upimaji wa haiba, ingawa haukutumia karatasi.

Kitaalamu, yalikuwa maendeleo. Badala ya msimamizi kumchagua mtu kwa kumtazama kifua, au kwa dhana kwamba kabila fulani linafaa kwa kazi fulani, kila mmoja alipewa nafasi ya kuonyesha anachoweza. Mtu mwepesi wa kuelewa aliweza kuonekana hata kama hakujua neno moja la Kiingereza.

Lakini kulikuwa na dari ambayo kipimo hakikuweza kuigusa. Sheria ya migodi ya Afrika Kusini ya mwaka 1911, iliyokazwa mwaka 1926, iliwafungia Waafrika vyeti vya kazi za ujuzi, kikiwamo cheti cha kulipua miamba kwa baruti. Kijana wa Rungwe aliyepata alama za juu kuliko wote angeweza kuwa nyapara wa Waafrika wenzake, na hapo ndipo safari yake ilipokoma. Juu yake aliwekwa Mzungu ambaye hakuhitaji kushindana naye katika majaribio hayo. Kizuizi hicho kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980.

Hicho ndicho kitendawili cha Biesheuvel. Mwaka 1943 aliuambia ulimwengu kwamba mtu hawezi kupimwa kwa haki bila kutazama mazingira yaliyomfunga. Miaka michache baadaye aliwapatia wenye migodi kipimo bora cha kuwapanga watu ndani ya mazingira yaliyowafunga. Kipimo kilijibu vizuri swali la mwajiri, yaani nani atumike wapi. Swali la mfanyakazi, yaani kwa nini asipande zaidi, halikuwamo.

Wakosoaji waliokuja baadaye walimlaumu yeye na taasisi yake kwa kuitumikia mitaji ya dhahabu na utaratibu wa ubaguzi wa rangi. Waliomtetea walikumbusha kwamba alipinga kwa maandishi sayansi ya uongo kuhusu akili za Waafrika. Pande zote mbili zina ushahidi, kwani mambo yote mawili aliyafanya.

Wakati Biesheuvel akijenga taasisi yake, huko Rungwe kwenyewe kulikuwa na utaratibu mwingine wa kuwajua watu. Utaratibu huo ulielezwa na Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka huohuo wa 1908. Pamoja na mumewe, Godfrey, alifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 akachapisha kitabu kuhusu vijiji vya marika.

Kwa mila hiyo, wavulana wa rika moja walijenga kijiji chao na kukua pamoja. Walikula pamoja na kuzungumza pamoja, na kutokana na kukaa huko walijifunza kile Wanyakyusa wanachokiita ukwangala, yaani furaha na adabu ya kuishi na wenzako. Ulipofika wakati wa kizazi kipya kukabidhiwa nchi, viongozi wa vijiji waliokuwa wakiondoka ndio waliowateua wapya miongoni mwa vijana. Uongozi huo wa kijiji haukurithiwa na mtoto wa kiongozi. Walitazama mwenendo wa mtu uliokwisha kuonekana kwa miaka mingi.

Utaratibu huo nao ulikuwa na upendeleo na kasoro zake, na uhaba wa ardhi na safari za vibarua viliudhoofisha. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo majaribio ya mgodini hayakuwa nalo: waliopima waliishi na waliopimwa, na wangeendelea kuishi chini ya matokeo ya uamuzi wao.

Baada ya Uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961, serikali ya TANU ilikataa kuendelea kupeleka nguvu kazi yake kwa Makaburu, na milango ya Wenela ikafungwa. Kufikia mwaka 1965 Watanganyika katika migodi hiyo walikuwa wamebaki mamia tu. Biesheuvel naye aliiacha taasisi mwaka 1962 na kujiunga na kampuni kubwa ya bia ya Afrika Kusini, akishughulikia masuala ya wafanyakazi.

Alipofariki mwaka 1991, Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani mwaka mmoja kabla, na utaratibu wa ubaguzi ulikuwa ukiporomoka. Miaka saba baadaye, Bunge jipya la Afrika Kusini lilipitisha Sheria ya Usawa katika Ajira ya mwaka 1998. Kifungu chake cha nane kinapiga marufuku kumpima mfanyakazi kwa vipimo vya kisaikolojia isipokuwa vimethibitishwa kisayansi, vinaweza kutumika kwa haki kwa watu wote, na havimwonei mtu wala kundi lolote. Kwa kiasi kikubwa, ni hoja ya kitabu cha mwaka 1943 iliyogeuka kuwa sheria.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu cha saba inakataza ubaguzi, wa wazi na wa kificho, katika sera na taratibu za ajira. Dodoso lililotungwa ng'ambo, likatafsiriwa kwa haraka na kuwekwa mbele ya mwombaji, linaweza kuonekana halibagui kwa kuwa maswali ni yaleyale kwa wote. Lakini kijana aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, akiulizwa kama hupenda kusema maoni yake hadharani, atajibu kwa adabu aliyofunzwa. Mashine itasoma kuwa ni udhaifu.

Mwajiri ana haki ya kumjua anayemkabidhi duka na fedha. Somo la maisha ya Biesheuvel ni kwamba kabla ya kuyaamini majibu ya anayepimwa, mpimaji anapaswa kukipima kipimo chenyewe: kimetungwa na nani, kwa ajili ya nani, na kinaficha nini. Mtaalamu huyo alilijua hilo mapema kuliko wengi. Vijana wa Rungwe waliofunga nati na bolti mbele ya filamu bubu ndio waliolipa gharama ya yeye kutolifuata hadi mwisho.