Dijkstra: Mholanzi aliyetaka kila programu imalize kazi yake

Mwaka 1957 kijana mmoja wa Amsterdam alikwenda kuandikisha ndoa. Kwenye kazi akajaza kwamba yeye ni mtengeneza programu za kompyuta. Wakubwa wa mji wakamgomea: kazi gani hiyo? Ikabidi aandikwe mwanafizikia, ndoa ikafungwa.

Kijana huyo ni Edsger Dijkstra. Kama simu yako inapiga muziki, inapokea meseji na kupakua video kwa wakati mmoja bila kuganda, mkono wake umo.

Alizaliwa Rotterdam, Mei 11, 1930. Baba alikuwa mkemia, mama mtu wa hisabati. Alisoma fizikia Leiden, na mwaka 1952 akaajiriwa kwenye kituo cha hisabati cha Amsterdam. Mwaka 1956, akiwa amepumzika mkahawani na mchumba wake Ria, alibuni kichwani kwa dakika kama 20, bila kalamu, njia ya kutafuta barabara fupi kati ya miji miwili. Wengi wanamjua kwa hilo tu. Kazi yake nzito zaidi ilikuwa kwingine.

Hofu ya kukatizwa

Wenzake, Bram Loopstra na Carel Scholten, walipokuwa wakiunda kompyuta ya X1, waliweka jambo jipya: kifaa cha nje kiweze kuikatiza programu katikati ya kazi. Dijkstra akaingiwa na hofu. Programu ikikatizwa popote, hata mahali pabaya kabisa, kosa la leo kesho ukilitafuta hulioni. Alisitasita, mwishowe akakubali kuandika programu ya kushughulikia jambo hilo. Shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1959 ilitokana na kazi hiyo.

Mwaka 1962 akawa profesa Eindhoven. Huko, yeye na kikundi cha watu kama sita, kila mmoja akitoa nusu tu ya muda wake, walijenga mfumo endeshi ulioitwa THE, herufi za jina la chuo kwa Kiholanzi. Kompyuta yao ya X8 ilikuwa na kumbukumbu ambayo leo ingekuwa kama KB 110. Hapo picha moja ya simu yako haiingii.

Shida ilikuwa hii: programu kadhaa zinaishi pamoja, zinagombea printa na kumbukumbu. Moja imeshika kitu A inasubiri B, nyingine imeshika B inasubiri A. Hakuna anayeachia. Zote zimekwama milele, na hakuna hata moja iliyokosea. Dijkstra aliliita kumbatio la mauti.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa semafori, alama inayoiambia programu isubiri au ipite, kama ishara za reli. Ya pili ilifanana na mweka hazina mwangalifu wa kikundi cha kukopeshana: kila programu itaje mapema kiwango cha juu itakachohitaji, na isipewe kitu kama kilichobaki hakitoshi kuhakikisha kila mmoja atamaliza na kurudisha. Mwaka 1965 aliwatungia wanafunzi swali la mtihani juu ya hilo, ambalo baadaye likawa kisa cha wanafalsafa watano mezani, kila mmoja akihitaji uma mbili. (Wangekula ugali kwa mkono, kisa kingeishia hapo.)

Kilichowashangaza watu kwenye THE ni kwamba kila programu ya ndani ilikuwa na kituo chake, tuseme nyumbani. Haiondoki mpaka ipewe kazi, hairudi mpaka imalize. Inaweza kuituma iliyo chini yake tu, kwa hiyo hakuna mzunguko wa kusubiriana. Wakathibitisha kwa hoja, kabla ya majaribio, kwamba mwishowe zote zitarudi nyumbani. Kwenye majaribio yalionekana makosa madogo madogo tu ya uandishi. Maelezo yalichapishwa mwaka 1968.

Baada ya hapo kikundi kikasambaratika, na Dijkstra akaanguka kwenye sonona. Alijitibu kwa kuandika, na maandishi hayo yakawa msingi wa namna ya kupanga programu inayofundishwa vyuoni hadi leo. Tuzo ya Turing aliipata mwaka 1972.

Utajuaje kazi imekwisha?

Swali hilo hakuliacha. Mwaka 1980, na Scholten yule yule, alitoa jibu kwa kompyuta nyingi zinazotumana kazi. Ukizima mapema, kazi inapotea. Ukisubiri tu, hujui mpaka lini. Jibu lao: anayetumwa amkumbuke aliyemtuma, na asiripoti kumaliza mpaka wote aliowatuma yeye wawe wameripoti. Ripoti ya mwisho ikimfikia wa kwanza, zima bila wasiwasi.

Mwaka 1984 alihamia Chuo Kikuu cha Texas, Austin, alikofundisha hadi 1999. Miaka mingi hakumiliki kompyuta. Aliandika makala zaidi ya 1,300, nyingi kwa kalamu ya wino, akazinakilisha na kuwatumia wenzake.

Saratani ilipomzidi mwaka 2002 alirudi kwao Uholanzi, akafariki Nuenen Agosti 6. Mwaka huo huo makala yake ya 1974, kuhusu mifumo inayojirekebisha yenyewe baada ya kuvurugika, ilipewa tuzo ya kimataifa. Mwaka uliofuata tuzo hiyo ikabadilishwa jina, ikaitwa Tuzo ya Dijkstra.