John Akii-Bua: Kipaji alizaliwa nacho, dhahabu aliandaliwa

Mpanda. Kila UMITASHUMTA na UMISSETA zikikaribia, viwanja vya shule mkoani Katavi hujaa watoto wenye mbio. Wengi huishia hapo hapo. Je, hela na programu ya mazoezi vinaweza kumtoa mtoto wa kijijini akawa bingwa wa dunia?

Maisha ya Mganda John Akii-Bua yana jibu.

Alizaliwa Desemba 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, kwenye familia yenye watoto zaidi ya 40. Shule aliiacha mapema, akachunga ng'ombe.

Mambo yalibadilika alipoingia polisi. Kule alipata mshahara na muda wa kufanya mazoezi.

Mwaka 1968 Uganda ikamwajiri kocha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold. Huyu ndiye aliyemtoa kwenye viunzi vya mita 110 na kumpeleka mita 400. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, akashika nafasi ya 4.

Mazoezi yakaongezwa, na hayakuwa mchezo. Jamaa alipandisha vilima akiwa amevaa kizibao chenye uzito wa kilo 11 hivi.

Septemba 2, 1972, fainali ya Olimpiki, Munich. Alipangiwa njia namba 1, ya ndani kabisa, yenye kona kali. Akamaliza kwa sekunde 47.82. Rekodi mpya ya dunia, na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda.

Idi Amin akampa nyumba na cheo. Lakini zawadi siyo programu.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda na Tanzania zikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal. Akii-Bua hakukimbia. Mmarekani Edwin Moses akachukua dhahabu, na rekodi ya dunia pia.

Mwaka 1979 vita vya kumng'oa Amin vikamfanya mkimbizi Kenya. Kampuni ya Puma ndiyo iliyomsaidia kufika Ujerumani Magharibi. Olimpiki ya Moscow 1980 hakufika fainali.

Baadaye alirudi nyumbani na kufundisha. Alifariki Juni 20, 1997, akiwa na miaka 47.

Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu nyingine. Stephen Kiprotich aliileta kwenye marathoni ya London 2012, baada ya kujinoa Eldoret, Kenya.

Tanzania nayo inasubiri. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta fedha mbili kutoka Moscow 1980. Hadi Paris 2024, hakuna medali nyingine ya Olimpiki iliyoongezeka.

Basi jibu ni ndiyo, programu inatoa bingwa. Ila ikikatika, bingwa hukatika nayo. Mtoto wa Katavi anayeshinda UMISSETA leo anahitaji kocha wa kumsubiri mashindano yakiisha, siyo makofi tu.